Kamba ya Paji la Uso

Wanawake wa Mururu, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo, hubeba kichwani, kikapu juu ya ngata, shingo wima. Védastine hakubeba hivyo. Alikuwa amekulia ng'ambo, Bukavu, kati ya watu wa kabila la Bashi, na huko mzigo hukaa mgongoni, umeshikwa na kamba pana inayopita kwenye paji la uso, na muntu anatembea akiangalia vidole vya miguu yake. Alirudi Rwanda mwaka wa tisini na sita, vita imemwachia mjukuu mmoja na kamba moja. Kamba ilikuwa ya binti yake, aliyebaki kwenye misitu ya Kongo bila kaburi.

"Maman Védastine," majirani walimchokoza, "Rwanda ilikosa punda, ndiyo maana ukarudi?"

"Kichwa yangu si meza," aliwajibu.

Mjukuu, Umuhire, alivaa kamba ya mama yake akiwa na miaka kumi na miwili. Kila siku ya soko alishuka na unga wa muhogo hadi mpakani, kwenye kituo cha Rusizi ya Kwanza. Baada ya miaka miwili shingo yake ilishazoea kwenda mbele. Hata akikaa tu kumenya muhogo, kichwa kilitangulia kama cha kobe.

Ndipo taya likaanza kulia. Akitafuna mahindi ya kuchoma, ka! karibu na sikio. Batoto wenzake walicheka: "Umuhire anakula mawe!" Kisha yakaja maumivu ya sikio na ya kichwa.

"Ni jino," alisema Védastine, na akishasema amesema. Akampeleka kwa Muderhwa, mng'oa meno wa sokoni ng'ambo. Gego la nyuma likatoka. Maumivu hayakutoka. Wakarudi. Muderhwa aling'oa la pili, akaligeuza juani.

"Maman, hili jino ni zima kabisa."

"Lile la kwanza je?"

"Na lile pia. Nilikuogopa."

Asubuhi moja mdomo ulikataa kufunguka. Vidole viwili tu vilipita, tonge la bugali halikupita. Kwenye dispensari, muganga Patricie aliweka vidole mbele ya masikio ya msichana, akamwambia afungue, afunge. Halafu akamtazama kwa ubavu, muda mrefu.

"Anabeba na nini?"

Umuhire aligusa paji lake, pale kamba ilipoacha alama.

"Maman, taya na shingo vinavutana. Kichwa kikienda mbele kila siku, taya linavutwa nyuma, na kifundo hiki mbele ya sikio kinasagika. Na huyu angali anakua. Meno hayakuwa na kosa."

"Mie nimebeba miaka makumi ine. Natafuna hata mufupa."

"Ulianza na miaka ngapi?"

Alianza akiwa mke wa muntu, amekomaa. Akamshika Umuhire mkono, wakatoka. Na kwa ukaidi wake kamba iliendelea mwezi mzima tena, maana kuitundika ukutani ilikuwa kama kumzika binti yake kwa mikono yake mwenyewe.

Siku moja ya jua kali, wakishuka kwenda mpakani, Védastine alibaki nyuma kidogo, akamwona Umuhire kwa ubavu. Shingo ile ilikuwa ya kikongwe. Ilikuwa yake mwenyewe, kwenye mwili wa miaka kumi na mine.

"Simama. Leta."

Akaupandisha mzigo kichwani mwake mwenyewe, bila ngata, akiyumba, unga ukimwagika usoni.

"Leo meza imepata sahani!" wanawake walipiga kelele. Hakugeuka. Kamba aliitumbukiza kwenye mto Rusizi kabla ya daraja.

Shingo ilinyooka polepole, na maumivu yakapungua. Mdomo haukurudi kufunguka kama zamani: vidole viwili, siku nyingine viwili na nusu. "Tulichelewa," alisema Patricie.

Noeli ya mwaka elfu mbili walipata nyama ya mbuzi. Védastine aliichemsha, akaitia kwenye kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, akatwanga uani, mbele ya wapita njia wote.

"Maman, nyama inatwangwa?" aliuliza mmoja wao.

"Yangu inatwangwa."

Umuhire alikula kwa kijiko kidogo, akikiingiza kwa ubavu.

"Iko tamu?"

"Iko tamu, Koko," alimjibu bibi yake.

Bibi alitaka kusema neno juu ya yale magego mawili yaliyong'olewa bure. Badala yake akashika mchi, akaendelea kutwanga, ingawa nyama iliyobaki kinuni ilikwisha kulainika zamani.