Moshi wa Bega Langu

Mimi ni msusi hapa Juba, na kiangazi kile bega langu la kulia liligoma. Mkono ulipanda hadi kifuani, ukakataa kwenda juu zaidi. Msusi asiyeweza kuinua mkono hana tofauti na mteja: wote wamekaa kitini wanangoja. Mwenye saluni, Mkenya mwenzangu, alinivumilia, lakini aliniambia wazi kwamba mvua zikianza kabla sijapona, atamleta msusi mwingine kutoka Nakuru. Ningerudi kwetu mikono mitupu, na mmoja hauinuki.

Mama yangu alinipigia simu akasema upepo umeniingia. Nilimcheka. Joto la Juba halimbembelezi mtu. Usiku nilikuwa nikilowesha shuka, nikilala kwenye sakafu ya saruji, feni ikinipulizia mgongoni. Kila mtu hapa hufanya hivyo. Upepo gani huo wa kuniumiza?

Mteja mmoja akanielekeza kwa daktari Mchina anayetibu kwa sindano. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kulia. Kumbe sindano zenyewe hazina dawa ndani, na ni nyembamba kuliko uzi ninaosukia. Daktari, mzee mtaratibu, alinishika mapigo ya damu mikono yote miwili, akataka kuona ulimi, kisha akaniuliza kwa ishara ninalala wapi. Nikamwonyesha sakafu, nikazungusha kidole kama feni. Akatikisa kichwa.

"Hawa," akasema kwa Kiarabu cha Juba. Upepo.

Nilicheka mpaka sindano zikatikisika begani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ilikuwa bega.

Akanipiga marufuku maji baridi. "Moya barid, mafi!" Kiangazi, Juba, maji ya uvuguvugu! Lakini alinieleza, maneno machache na mikono mingi, kwamba ugonjwa wa baridi hutolewa wakati jua liko upande wako. Mvua zikija na unyevu wake, bega litazidi kuwa gumu. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tunashindana na mvua.

Kila alipochomoa sindano aliwasha msokoto wa majani makavu, akaupitisha karibu na bega mpaka ngozi ipate moto. Moshi wake ulining'ang'ania nguoni hadi nyumbani Gudele. Na huko ndiko mambo yalikoharibika.

Jirani yangu ni mama aliyeishi Khartoum miaka mingi kabla ya kurudi kwao Juba. Kule wanawake wana moshi wao, dukhan: linachimbwa shimo dogo, ndani yake makaa na vipande vya mti wa talih, na mwanamke anakaa juu yake amejifunika blanketi. Bibi harusi huandaliwa hivyo, na mke hujifukizia mumewe. Mimi nina miaka mingi tangu niachane na mume. Jirani akaninusa siku moja, akaninusa tena. Jumamosi wanawake wa ua mzima wakanijia na birika la kahawa ya tangawizi, wakipiga vigelegele.

"Mabruk, ya okti!" jirani akasema, yaani hongera, dada. "Wewe iko na bwana, na hapana ambia mimi?"

Nilipowaonyesha bega na kueleza habari za Mchina, jirani alicheka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka. "Moshi ya mtu ya China ni kidogo," akasema. "Kuja kwangu." Jioni hiyo alinikalisha juu ya shimo lake, akanifunga blanketi hadi shingoni, nikatoka jasho lililokuwa limejificha humo tangu kuzaliwa. Baadaye akanisugua bega kwa mafuta ya ufuta, akanisuka nywele zangu mwenyewe, maana sikuwa na uwezo. Kusukwa na mtu asiye wa kazi hiyo! Mistari ilikwenda kama njia za mbuzi. Niliivaa hivyo hivyo, kwa shukrani.

Tukaendelea, sindano mjini na moshi nyumbani. Wingu la kwanza lilipojikusanya, niliamka nikanyoosha mkono kuchukua kanga msumarini, nikaichukua. Nilisimama na kanga ile nikilia. Ni nani aliyeniponya, sijui, wala sitaki kujua. Namshukuru Mungu kwa wote wawili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa daktari ni mgeni, mimi ni mgeni, na mwenyeji ndiye aliyeniuguza.

Siku hizi, kila majira yakigeuka, narudi kwa yule mzee aniguse bega, na nanywa maji yake ya uvuguvugu bila kunung'unika.

Lakini asubuhi ile ya kanga nilikwenda moja kwa moja kwa jirani na kitana changu. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamvua kitambaa alichokuwa akijifunga kichwani kiangazi chote, katika joto lile. Chini yake nikakuta mabutu yangu ya mwisho, niliyomsuka kabla sijaugua, yamefumuka, yameota manyoya.

"Mbona hukwenda kwa msusi mwingine?"

"Mimi ilingoja mkono ya wewe," akasema, akainamisha kichwa.

Nikainua mikono yote miwili, nikaanza kufumua.