Mgeni Akitajwa Husimama

Jumapili iliyopita mbunge alikuja kanisani kwetu Dunga. Mchungaji aliwaomba wageni wasimame wasalimie, naye mbunge akashika kipaza sauti mpaka watoto wakalala.

Nilikumbuka utotoni, darasa letu lilipozuru Bunge, sare yangu ikinuka omena, dagaa wa Mama. Alikuwa amenituma: "Waambie zahanati yetu haina muuguzi." Spika alipotukaribisha sisi wanafunzi kutoka Kisumu, nilidhani ni kama kanisani. Nikasimama.

"Bwana asifiwe!"

Mwalimu akanivuta sketi. "Keti, wewe! Unataka tufukuzwe?"

Niliketi kabla ya kutoa ujumbe wa Mama.

Namshukuru Mungu kwa umri huu. Lakini zahanati bado haina muuguzi, na Jumapili, nilipoinua mkono nimwambie, mbunge alikuwa ameshaondoka kabla ya sala ya mwisho.