Siku Nilipojitangazia Kifo Mbele ya Wakwe

Ndugu zangu, muniache niseme mwenyewe (najua mnavyocheka nikipita): mimi ndiye yule mwanafunzi wa udaktari aliyejitangazia kifo mbele ya wakwe, kwa kinywa chake mwenyewe, lituma, ndizi zilizopondwa, ikiwa bado inatoa moshi mezani.

Ilikuwa wakati wa Zaire, miaka ile SIDA, yaani UKIMWI, ilipoanza kunong'onwa. Profesa alihitaji damu ya mgonjwa kuonyesha darasani, mgonjwa hakufika, basi mimi, kwa kutaka sifa tu, nikajichoma kidole, nikapaka damu yangu kwenye kioo, nisimwambie mtu. (Nilikuwa na kahoma na tezi za shingo zimevimba, lakini nani hana homa Kisangani?)

Profesa akainama kwenye mikroskopi, kisha akatuita tusogee.

"Bon. Muangalie hizi chembe nyeupe, iko kubwa-kubwa. Huyu mutu iko na virusi."

Akaeleza kwamba kuna virusi ambavyo protini zake zinachezea interferon, ile kengele ya mwili. Kengele inalia chini-chini kila siku hata bila vita, hadi seli T, askari wa mwili, zinachoka, zile zinazosaidia zinapungua, zile zinazoua zinazidi, mizani inainama.

"Alors, mugonjwa mwenyewe hajue kitu. Anatembea tu."

Kichwani mwangu virusi hivyo vilikuwa na jina moja tu: SIDA. Swali moja tu lingeniokoa, lakini niliogopa kusema damu ni yangu, nikatoka mbio hadi mtaa wa Kabondo kwa akina Zawadi, mchumba wangu, ambako wajomba zake walikuwa wamefika kutoka Kindu kunitazama.

"Karibu, mutoto wangu, kula," akasema baba yake, Papa Assani.

"Musiniguse!" nikalia. "Papa, niko na SIDA! Ni yule mwanamuke wa Mangobo!"

(Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za mtaa wa Mangobo.)

Shangazi yake akatupa uani sahani niliyowekewa. Zawadi aliniangalia tu, na jicho lile liliniogopesha kuliko virusi.

Nikaungama kwa profesa kwamba damu ni yangu, akaituma ikapimwe; wiki tatu nilingoja majibu kutoka Kinshasa, silali, napapasa shingo kila saa. Yakafika: SIDA hakuna.

"Iko virusi vya tezi tu, vinapita vyenyewe," profesa akasema. "Mbona haukuuliza?"

Nikakimbilia Kabondo na karatasi. Papa Assani akaisoma polepole, akanirudishia.

"Alhamdulillahi, hauna ugonjwa. Lakini yule wa Mangobo, hii karatasi haiseme kitu juu yake."

Zawadi aliolewa Bukavu. Mimi leo ni daktari, na mgonjwa akitetemeka mbele yangu namwambia: ngoja majibu, na ukishindwa kungoja, basi angalau funga mdomo.