Mwezi wa Assani

Pale mjini Baraka watu bado wanautaja mwezi wa mfungo wa mwaka ule kuwa mwezi wa Assani. Bushira akisikia hivyo anatema mate, anaendelea kugeuza ndagala zake, dagaa wa ziwani, juu ya kichanja. Mwezi ule ni yeye aliyeuona kwanza. Na aliyelala siku tatu juu ya saruji kwa ajili yake ni yeye pia.

Bushira alizaliwa Ubwari, kwenye ile rasi ndefu inayoingia ziwani, katika nyumba ya mvuvi wa ndagala. Shule hakuionja. Baba yake alisema msichana atasomea nini wakati ndagala zinaoza? Lakini nyumba ya mvuvi wa taa ina hesabu yake. Mwezi ukiwa mpana ndagala haziji kwenye taa, nyavu zinapumzika. Mwezi ukifa, kazi inaanza. Kwa hiyo mtoto wa nyumba ile anajua leo ni siku ya ngapi ya mwezi kama anavyojua kidole chake kipi kina kovu. Bushira alijua hivyo kabla hajaota meno ya pili.

Alipoolewa Baraka alikuta watu wake hawauoni mwezi mchanga. Mji umekaa chini ya milima, na milima iko upande ule ule jua linakozama. Mwezi wa siku ya kwanza ni uzi tu, na uzi huo unashuka nyuma ya milima kabla mbingu haijaingia giza. Miaka yote Baraka ilingoja mtu aje na mashua kutoka Ubwari kusema, tumeuona. Ilipokuja vita, askari walioshika mji walizuia mashua, kwa sababu Ubwari ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa upande mwingine, wale wale waliokuwa milimani. Miaka miwili mfululizo Baraka ilianza kufunga siku moja nyuma ya Ubwari, na Bushira, wakati ule tayari mjane mwenye miaka arobaini na kitu, alikuwa akiliona jambo hilo kama mwiba ndani ya mguu. Alijua siku. Ila hakuwa na cha kuonyesha.

Ndipo akasikia kwamba Raphaël anauza vitu. Raphaël alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mzungu aliyekimbia mwanzoni mwa vita, akaacha nyumba na kila kilichomo. Mwalimu yule alipenda kutazama nyota. Aliacha darubini mbili.

Bushira alikwenda na mdogo wake, Assani, mtoto wa mwisho wa mama yake, ambaye alimlea mgongoni tangu akiwa na miezi sita. Assani alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno matamu, aliuza mafuta ya mawese mbele ya msikiti. Alipoziona zile darubini mbili, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ile ndefu, nyeupe, inayong'aa kama mfupa.

"Yaya, hii," alisema. Alimwita dada yake yaya, kama mdogo yeyote. "Angalia urefu wake! Na Raphaël anasema inakuza mara mia tano."

"Mi ninasema vile karatasi ilisema," Raphaël akajitetea.

"Na ile ingine?" Bushira aliuliza.

Ile nyingine ilikuwa fupi na nene kama mtungi, rangi imebanduka, imekaa juu ya miguu mitatu ya mbao.

Assani akacheka. "Ile? Ile ni ya kutwangia majani ya sombe."

Bushira alimwambia Raphaël azitoe zote mbili nje, azielekeze ng'ambo ya ghuba, kwenye mti mmoja uliosimama peke yake kwenye ufuko wa Ubwari. Akaweka jicho kwenye ile nyeupe. Mti ulikuwa mkubwa, kweli, lakini mweusimweusi, na ulitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kila upepo ulipopita, ulipotea kabisa. Miguu ya darubini ile ilikuwa ya bati jembamba. Akaweka jicho kwenye ile fupi. Mti ulikuwa mdogo zaidi, lakini umetulia, safi, na aliweza kuona ndege juu ya tawi.

Ila ndege alining'inia miguu juu.

"Imeharibika!" Assani akapiga makofi. "Inaonyesha dunia kichwa chini!"

"Haijaharibika," Raphaël alisema. "Ndiyo tabia yake. Mwalimu alisema mbinguni hakuna juu wala chini. Alisema pia, ile nyeupe alinunua kwanza, akajuta, akanunua hii. Mtu anayeanza asitafute ukubwa. Atafute kitu kinachosimama."

Bushira alichukua ile fupi. Alitoa magunia mawili ya ndagala na kitenge chake kizuri, na Raphaël akamfundisha yote aliyomwona bwana wake akifanya. Kuna vioo vidogo vitatu vya kuweka jichoni: anza siku zote na kile dhaifu, kinachoonyesha mahali papana, kisha ndipo utie chenye nguvu. Itoe nje mapema ipoe, maana ikiwa na joto la nyumba picha inachemka kama uji. Kile kimrija kidogo cha ubavuni ndicho cha kulengea; kirekebishe mchana, kwenye mti wa mbali. Na jua usiliangalie hata kwa kucheza, utabaki kipofu.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa ndiyo furaha yake, na hakuna aliyemnyang'anya hiyo. Aliona kwamba mwezi mzima si wa kutazama, unaumiza jicho tu. Uzuri uko mwezi ukiwa nusu, pale kivuli kinapokatia, ambapo mashimo na milima vinasimama kama vya kuguswa. Aliona nyota moja kubwa ina vitone vinne pembeni, na kesho yake vitone vimebadilishana nafasi. Bamama wa vichanja walikuja kuchungulia mmoja mmoja, wakapiga vigelegele.

"Mama Siti, kule nako basoda bako?" aliuliza mmoja, akimaanisha askari. Siti ni binti wa Bushira, aliyekimbilia Kigoma.

"Sijaona hata mmoja."

"Basi tuhame!"

Siku ya mwezi wa mfungo kuandama, Bushira alitoka kabla ya magharibi. Nyuma ya vichanja kuna mwinuko, na kutoka pale milima inaonekana ikiachana kidogo, vilima viwili na pengo kati yao. Alikuwa amelipima pengo lile kwa miezi mitatu. Mwezi mchanga ukishuka, unapita pale, kwa muda wa kumwaga ndoo ya maji. Alisimamisha darubini, akaiacha ipoe, akangoja jua lipotee kabisa ndipo akaweka jicho. Assani alikaa kwenye jiwe akilalamika mbu.

Akauona. Uzi mwembamba, pembe zake zimegeukia chini kwa sababu ya ile tabia ya darubini, mweupe kuliko mbingu kidogo tu.

"Assani. Kuja."

"Mi sioni kitu."

"Usishike mrija. Kaza macho katikati. Pumua."

"Sioni... sio... Ee! Yaya! Iko pale! Kama ukucha!"

Walikuwa wamekubaliana. Shehe Nuhu, imamu wao, alishasema wazi kwamba kitabu kinataka ushahidi wa mwanamume. Sawa. Assani angesema, nimeuona, dada yangu ndiye aliyenionyesha. Maneno machache tu. Bushira hakutaka kingine duniani ila hayo maneno machache yasemwe mbele ya watu, kwamba mwanamke asiyejua kusoma aliupatia mji wake siku yake.

Assani alikimbia na kanzu ameishika mkononi. Msikitini alisimama akasema, "Wallahi nimeuona, kwa macho haya yangu mawili." Akanyamaza hapo. Walimkumbatia. Usiku ule Baraka ilisali tarawehe sawa na Ubwari, na kina mama walirudi nyumbani wakisema, Assani ana macho kama ya tai.

"Na mimi?" Bushira alimuuliza asubuhi.

"Yaya, watu walikuwa wengi, nilisahau. Nitasema Ijumaa."

Ijumaa hakusema. Na kabla ya Ijumaa ya pili, askari walikuja.

Kosa la Bushira lilikuwa moja, na hakuliona kwa sababu macho yake yalikuwa mbinguni. Mwezi uko upande wa milima. Wapiganaji nao wako milimani. Mtu alikuwa amepeleka habari kambini kwamba kule nyuma ya vichanja kuna mrija unaoelekezwa milimani kila jioni. Askari, waliposikia kuhusu Assani na macho yake, walikwenda kwake kwanza.

Yeye ndiye aliyewaleta mpaka mlangoni kwa Bushira. Alisimama nyuma yao, anaangalia ndala zake.

"Jumelle hii ni ya nani?" aliuliza kamanda wao, akiionyesha darubini.

"Yangu. Ni ya kutazama mwezi. Muulize mdogo wangu, tuliutazama pamoja."

Kamanda akageuka. "Ni kweli?"

"Mi sijaweka jicho langu pale hata siku moja," alisema Assani. "Mwezi niliuona hivi hivi, bila kitu. Msikiti mzima ni shahidi."

Kamanda alitaka kujionea mwenyewe. Aliinama, akaelekeza darubini milimani, akaangalia kwa muda mrefu. Aliponyanyuka uso ulikuwa umebadilika. "Milima inaonekana imepinduliwa. Kwa nini imepinduliwa? Mnaficha nini?"

Bushira alianza kumweleza, kwamba ndiyo tabia yake, kwamba mbinguni hakuna juu wala chini. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kufanana na siri. Waliivunja darubini pale pale kwa kitako cha bunduki. Kioo chake cha ndani kilipasuka vipande, na kila kipande kikashika kipande cha jua.

Siku tatu walimweka katika chumba cha saruji kambini. Walimpiga nyayo. Shehe Nuhu alikuja kumwombea, akaeleza mambo ya mwezi mwandamo, na kamanda akasema: leteni mtu mmoja tu aapishwe kwamba aliuona mwezi ndani ya mrija ule, nami nitamwachia. Shehe akamwita Assani. Bushira alisikia sauti yake kupitia dirisha la juu, ile ile aliyoifundisha kutamka maneno ya kwanza.

"Niliapa msikitini kwamba ni kwa macho yangu," Assani alisema. "Siwezi kuapa mara mbili kwa namna mbili."

Na akaapa tena vile vile.

Waliomtoa ni bamama wa vichanja. Waligoma. Kambi ilizoea kula ndagala zao kila siku, na siku tatu haikuona hata moja. Siku ya nne kamanda alisema mwanamke yule mpumbavu aende zake.

Akatembea kwa visigino siku zote zilizobaki za mfungo. Assani alimtumia chupa ya mawese. Aliirudisha bila kuifungua.

Ilipofika jioni ya ishirini na tisa ya mfungo, Bushira alipanda tena mwinuko, mikono mitupu. Darubini ilikuwa imempa kitu kimoja ambacho kitako cha bunduki hakikukifikia: alijua pa kutazama. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima, lakini pengo lilikuwa wazi. Akakaa. Baada ya muda alisikia ndala nyuma yake.

Ni Assani. Kanzu imepigwa pasi, uso umelowa jasho. Mji mzima ulikuwa umemtuma, mwenye macho ya tai.

"Yaya," alisema.

Bushira aliendelea kutazama pengo.

"Yaya, watu wananingoja. Iko wapi?"

Wakati ule ule uzi ulitokea ndani ya pengo. Mwembamba mno, lakini jicho lililozoea linajua. Angenyoosha kidole tu, Assani angeuona. Kesho ingekuwa Idd, watoto wangevaa nguo mpya, bamama waliogoma kwa ajili yake wangepika pilau. Aliwafikiria, na jambo hilo lilimuuma, na bado linamuuma. Akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja akaikalia.

"We ndiye mwenye macho," alisema. "Mi sijaweka jicho langu pale hata siku moja."

Uzi ukazama. Assani alibaki amesimama mpaka giza, kisha akateremka polepole. Msikitini alisema hakuna kitu, na Shehe Nuhu akaamuru watu watimize siku thelathini.

Aliyeuona mwezi mwenyewe asifunge, afuturu kwa siri. Hayo Bushira alifundishwa tangu utotoni. Asubuhi alifunga mlango, akakaa chini, akala ugali wa muhogo na ndagala tatu, na chai. Ilikuwa Idd ya mtu mmoja.

Saa sita mchana mashua moja iliyopewa ruhusa ilitia nanga kutoka Ubwari. Waliomo walikuwa na kanzu za sikukuu, wananukia ubani. Wakashangaa kukuta watu midomo mikavu. "Ninyi mnafunga Idd? Sisi tumeshasali! Mwezi ulikuwa wazi jana!" Watu wakakimbilia maji, wengine wakacheka, wengine wakakasirika, na kote ufukoni likawa swali moja: Assani, macho yako jana ulimwazima nani?

Alikuja kugonga kwa dada yake. Bushira alifungua nusu. Sahani ilikuwa bado chini, na mifupa midogo ya ndagala pembeni. Assani aliiangalia sahani, akaelewa.

"Uliuona," alisema. "Uliuona, ukaniacha niaibike."

"Nenda ukamwambie kamanda," alisema Bushira. "Akuite tena, uape kwamba niliuona."

Akarudisha mlango, akatia komeo.