Pumzi ya Baba Mkwe

Nilikwenda Dar es Salaam na baba mkwe wangu kwa sababu wanawe wanne walipata udhuru siku moja. Mmoja ngano yake ilikuwa haijavunwa, wa pili alikuwa amekodi trekta, wa tatu, Paskali, mkubwa wao, goti lilikuwa linamuuma. Wa nne, Daniel, mume wangu, alisema tu kwamba anaogopa. Angalau yeye alisema kweli. Mimi ni mzaliwa wa Endasak niliyeolewa kijiji cha Gitting, na mdomo wangu wanaujua. Nikawaambia basi, kaeni na ngano yenu, nitakwenda mimi.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mwaka uliotangulia baba alikauka sauti, kifua kikawa kinambana mpaka mgongoni. Paskali alimpeleka Dar, maana huku kwetu mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, tulikuwa tunaisikia tu. Ikaonekana mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni, umevimba ndani ya kifua. Daktari alieleza kwamba ni kama tyubu ya baiskeli inayochomoza pale tairi lilipochakaa: unaweza kuendesha miezi na miezi, au ikapasuka leo. Walimpa dawa za presha, wakasema arudi baada ya mwaka apigwe picha nyingine, zilinganishwe. Uvimbe ukiwa umekua, atapasuliwa kifua. Ukiwa haujakua, atarudi nyumbani na dawa zake.

Alfajiri tulishuka mjini Katesh na pikapu ya jirani. Pale stendi mabasi ya watu binafsi yalikuwa yanagombania abiria, lakini baba hakuwa na haraka. Alivaa koti lake la kanisani na alimsalimia kila mtu, akaitikia kila shikamoo, akauliza habari za nyumbani za watu ambao hajawahi kuwaona. Ndivyo alivyo, na ndivyo wazee wetu walivyo. Kwetu mtu akikusemesha ukanyamaza, umemtukana.

Babati tulifika jua limeshapanda. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, kila mahali wanajenga ofisi, lakini lami ilikuwa haijafika, na kila shimo basi lilipoingia mimi nilimtazama kifua. Akikohoa, nami roho inanitoka. Tulilala Arusha, tukaondoka tena asubuhi, na jioni ya siku ya pili tukapokelewa Kimara na Mama Eliya, mtu wa kwetu Masakta aliyeolewa huko Dar. Aliweka ugali na maziwa mezani, akanivuta pembeni akaniuliza kama mzee anajua kwamba anaweza kupasuliwa. Nikamwambia anajua kuliko sisi. Mwenyewe alishaniambia njiani kwamba akifa huko nisimzike Dar, kuna joto.

Hospitali, siku ya tatu. Walituita saa nne. Mtaalamu wa picha alikuwa kijana mpole, mwenye malezi mazuri kabisa. Alimvua baba mkanda, saa na kila kitu cha chuma, maana mashine ile ni sumaku kubwa. Akamvisha vidude vya masikioni, akamlaza, kile kitanda kikamwingiza ndani ya lile tundu. Mimi nilikaa na kijana chumba cha pili, tukimwona kupitia kioo. Kijana akanieleza kwamba ili mshipa uonekane vizuri, mzee lazima avute pumzi aibane, akae kimya bila kutikisika mpaka mashine imalize kugonga. Akisogea au akisema, picha inachafuka, na picha chafu haipimiki.

Akashika kipaza sauti. "Shikamoo mzee. Vuta pumzi, bana."

Kutoka ndani ikaja sauti ya baba, nzito na ya heshima, ikisema marahaba mwanangu, nimebana.

Walirudia. Kijana akaacha shikamoo, akasema pole mzee, vuta pumzi. Baba akashukuru kwa ile pole. Mara ya tatu kijana alimwomba kwa upole asijibu kitu chochote. Baba akamwitikia kwamba haya, hajibu. Ningecheka kama si ile picha kwenye kioo cha kompyuta, ukungu mtupu, kama dirisha la jikoni. Mwaka uliotangulia hakukuwa na shida hii, kwa sababu alikuwa hoi, hana nguvu hata ya kuitikia salamu.

Mlango ukafunguliwa. Nesi akasema kuna majeruhi wa ajali analetwa, mashine inatakiwa. Kijana akanigeukia akasema anaweza kujaribu mara moja tu, ikishindikana tupange tarehe nyingine, labda baada ya mwezi. Mwezi! Nikaona ile barabara yote, mashimo yote, na ule mshipa. Nikamwomba kipaza sauti.

Miaka minane nilikuwa sijamwambia mzee yule neno bila kuanza na shikamoo. Mkamwana hamwamrishi baba mkwe, hata kumwambia chakula tayari namtuma mtoto. Nikasema kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, bila salamu, bila kumwita baba:

"Kaa kimya. Usinijibu. Vuta pumzi, bana, mpaka nikwambie."

Hakujibu. Mashine ikaanza kugonga, gogogogo, na mimi nilikuwa nimebana pumzi pamoja naye. Kwenye kompyuta mshipa ukatokea, umepinda kama mpini wa mwavuli, na pale ulipovimba palionekana wazi kabisa. Kijana akashangilia kwamba imetoka. Machozi yakanibubujika, nikaanza kumshukuru Mungu, na nikasahau. Kijana ndiye aliyenigusa bega. Mashine ilikuwa imeshanyamaza, na kule ndani vidole vya miguu ya baba vilikuwa vimekakamaa. Alikuwa bado amebana, ananingoja mimi.

"Pumua!" nilipiga kelele. "Baba, pumua!"

Alipumua. Nimezaa watoto watatu na sijawahi kuogopa vile.

Kesho yake daktari aliweka picha mbili pamoja, ya mwaka jana na ya jana, akapima hapa na hapa. Uvimbe haukuwa umeongezeka. Dawa ziendelee, arudi kila mwaka, na tangu leo asinyanyue kitu kizito. Nilimrudia baba yote kwa Kiiraqw, asikose neno. Aliitikia kwa kichwa akatazama ukutani.

Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Aliongea na makondakta, na wauza maji, na mchungaji mmoja tuliyekaa naye mpaka Babati. Mimi, hakuna. Nikajua nimemkosea mtu ambaye sikuwa na haki ya kumkosea.

Gitting, jioni, niliwasimulia wote mwenyewe, pamoja na lile katazo la kunyanyua, maana kuficha sijui. Paskali alikasirika. Alisema mkamwana hamnyamazishi mzee, hata akiwa ndani ya mashine ya Wazungu, na kwamba niombe radhi mbele ya watu. Daniel akatazama viatu vyake. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Baba akasema amesikia, akaenda kulala.

Asubuhi nilitoka na sufuria ya chai, nikamkuta zizini ameshika nira ya maksai, ile ya mti mzito, anainyanyua kuiweka shingoni mwa ng'ombe. Wanawe walikuwa wamesimama hapo. Paskali alikuwa anamwambia pole na kazi, baba.

Hasira ilinipanda hata sikujua chai nimeiweka wapi.

"Weka chini," nikasema.

Paskali akafungua mdomo. Baba akanitazama, kisha akaiteremsha nira taratibu mpaka majanini, akajipangusa mikono.

"Hawa kazi yao ni kunipa pole," akasema. "Wewe nizuie."

Tangu siku hiyo najua heshima inaweza kumuua mtu huku inamwita baba. Paskali aliinua nira mwenyewe, na goti halikumuuma.