Uwanja wa Majani ya Mawe

Mwaka ule Likasi ilipokaribia kupokea mashindano makubwa ya mataifa ya Afrika, uwanja wetu wa mpira ulikuwa na mahindi yanayonifika begani. Yalikuwa ya mama yangu. Poso, yaani mgao wa unga wa kila mwezi ambao wafanyakazi walizoea kupewa, ilikuwa imekatika, na wanawake wa Shituru, mtaa wetu, walilima popote palipo na udongo: kandokando ya reli, nyuma ya dispansari, hata mbele ya kanisa. Mama hakupenda kubanana na watu, akachagua uwanja, kutoka goli la kaskazini mpaka duara la kati. Timu haikulalamika, kwa kuwa haikuwa na mpira. Milingoti ya goli yenyewe ilikuwa imeondoka kitambo, nadhani ilikwenda kushikilia paa la mtu.

Habari ilitoka Lubumbashi kwa barua yenye mihuri mitatu. Nchi imeomba kuandaa mashindano, wakaguzi wa kigeni watapita kuangalia viwanja, na kila mji ujiandae kwa nguvu zake wenyewe. Tulielewa: hakuna kitakacholetwa. Kamati ikaundwa siku hiyohiyo. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja wa ofisi ya mji, tajiri wa maneno. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi ambaye darasa langu lilikuwa limefungwa kwa mgomo, nilifanywa katibu kwa ajili ya mwandiko. Baba alikuwa amefanya kazi ya shaba miaka ishirini na saba, na siku hizo alikwenda kazini kusaini jina na kurudi. Yeye alipewa beji ya plastiki iliyoandikwa Mshauri wa Ufundi. Aliivaa hata akienda chooni.

Kamati ilianza na mambo ya haraka, ndiyo kusema viti vya wakubwa. Padri alikubali kutuazima vya parokia, kwa sharti kwamba kila Jumapili virudi kusali. Wakaguzi walitaka pia vyoo. Tulikuwa na milango miwili mizuri na hatukuwa na choo hata kimoja, basi milango ikapigiliwa ukutani, ikapakwa rangi, ikatiwa kufuli. Mgeni akibanwa, mwenyekiti alielekeza, aambiwe kwamba ufunguo uko njiani unatoka Lubumbashi. Niliandika hayo yote kwenye ripoti, kwa herufi za kupendeza.

Yakabaki mahindi. Yalikuwa yameota ndevu, lakini punje zilikuwa bado maziwa matupu. Mama alikuja kwenye kikao amevaa kitenge chake cha misa. Alipewa kiti, hakuketi.

"Mungoye semaine tatu, ikomae," alisema, akiomba tungoje wiki hizo tatu. "Ni chakula ya nyumba yangu mpaka mvua ya mwaka kesho."

Mwenyekiti alimjibu kwa hotuba juu ya heshima ya taifa, kisha akamgeukia mshauri wake wa ufundi. Baba aliinamia beji yake. Akasema, kitaalamu, kwamba mpira hauchezwi ndani ya mahindi. Nami nikaandika: mahindi yakatwe. Mpaka leo naona haya kwa mstari ule. Jioni hiyo nilikuwa na hasira na baba kiasi kwamba sikumpa sahani yake mkononi, niliiweka chini.

Yakakatwa. Tulikula mahindi machanga siku nne, matumbo yakatuuma, na msimu wetu ukawa umeisha.

Chini ya mahindi hakukuwa na majani, kulikuwa na matuta mekundu. Hapo baba akapata wazo kubwa la maisha yake. Wachimbaji wa Kakanda walikuwa na malakiti kwa magunia, lile jiwe la mukuba, kama tunavyoiita shaba kwetu, lenye kijani ambacho hakuna mbuzi aliyewahi kukiona malishoni. Lisagwe, alisema, limwagwe, kijani ni kijani. Kamati ilipiga makofi. Wanawake ambao hawakuwa na mahindi ya kutwanga waliitwa waje na vinu vyao, wakatwanga mawe wiki nzima, vumbi likiwakalia kwenye nyusi. Mama alikataa kutoa kinu chake. Alikiingiza chumbani, akakifunika gunia.

Sitasema uongo, uwanja ulipendeza. Ukiutazama kutoka barabarani ungeapa kwamba ni majani. Baba aliuzunguka akiwa amefunga mikono nyuma, na hata mimi nilimwonea fahari.

Wakaguzi walikuja kweli. Walifika Kapolowe, njiani kuja kwetu, wakapewa samaki wa kukaanga, wakala, wakaitazama barabara iliyobaki, wakageuza gari. Sisi tulikuwa kwenye viti vya parokia tangu asubuhi. Saa tisa mvua ikanyesha, na kile kijani kikaanza kuzama ardhini. Baadaye redio ilitangaza kwamba mashindano yamepewa nchi nyingine. Kamati haikuvunjwa, wala haikukutana tena.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mama alirudi uwanjani na jembe lake. Mbegu ziliota vizuri, zikafika urefu wa kidole, zikageuka njano, zikalala. Akapanda tena. Zikawa njano tena.

Kila mtoto wa Likasi anajua kwamba watafuta shaba wa zamani hawakuchimba ovyo. Walitafuta kilima chenye kipara, kisichoota mti, wakajua mukuba uko hapo. Mimi nilifundishwa hilo na baba, alipokuwa akinionyesha vilima kwa kidole. Na ni yeye aliyeimwaga shaba kwa mkono wake juu ya shamba la mkewe.

Mama alimpeleka uwanjani, nami nikafuata. Aling'oa mche mmoja, akamwekea kiganjani. Hakupaza sauti.

"Baba ya batoto, mukuba ulitumikia myaka yote haikukutosha? Ukaleta ingine mu sahani yetu."

Beji ilikuwa bado shingoni mwa baba, karibu mwaka mzima baada ya kamati kufa. Aliivua, akaitumia kukwangua tope lililoganda kwenye jembe la mama, upande mmoja, kisha wa pili. Halafu akalichukua lile jembe na kuanza kuondoa udongo wa juu, kuanzia goli la kaskazini, karai baada ya karai, akienda kuumwaga mbali. Alifanya hivyo kila siku, peke yake. Duara la kati alilifikia mwezi wa tatu, wakati wa kupanda ukiwa umepita.