Maksai Kwenye Mlango wa Mawe

Sauti ya mwiko wa mwashi ukikwaruza jiwe inanitia ganzi ya meno mpaka leo. Mafundi wakianza kujenga karibu na kibanda changu cha vitenge pale Musoma, mimi hufunga mapema nikaenda zangu nyumbani, na wateja wananiita mkorofi. Waache waniite. Mwaka ule nilipokuwa darasa la sita, sauti hiyo ilikuwa inaanza asubuhi kabla chai haijachemka, kwaru, kwaru, palepale uani kwetu, na kila ilipokoma sote tulinyamaza kusikiliza kama kuna kitu kimeonekana. Tulikaa juu ya kilima, upande wa Nyamuswa ukitokea Bunda, na kuizunguka nyumba yetu kulikuwa na ukuta wa mawe matupu, yamepangwa bila udongo wala saruji, unamfika mtu mzima kifuani. Mlango wake ulikuwa mmoja, mwembamba, mawe mawili marefu yamesimama huku na huku. Sisi tulianika nguo juu ya ukuta huo na kuku walitagia kwenye nyufa zake. Sikujua kama ukuta unaweza kumfukuza mtu kwake.

Balaa lilianza pale mwenyekiti wa kijiji aliposema mkutanoni kwamba ule ukuta ni wa kale, ni mali ya watu wote, na kijiji kinataka kuweka hapo kituo cha watalii wanaokwenda Serengeti. Baba akasimama kwa hasira. Akasema ule si ukuta wa kale, ni zizi, lilijengwa na babu yake mzaa baba, na tangu lini zizi la mtu likawa la kijiji? Wakabishana mpaka jua likazama. Mwishowe wakakubaliana waitwe wataalamu wa mambo ya kale waje watazame. Wakisema ni zizi la babu, tunabaki. Wakisema ni la watu wa zamani, tunahama. Siku ile Mama aliacha kupanda mihogo katikati ya tuta, akatupa jembe, akasema hawezi kulima asichojua nani atakivuna.

Akaja mwanamama mmoja mrefu kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wake wawili, na kofia ya majani iliyotuchekesha sana. Kwa vile mwiko haukumtoka mkononi, tukampa jina la Mama Mwiko. Baba akawa anampelekea maziwa kila asubuhi. Mama akamwambia, "Baba Nyangi, usije ukaonekana unahonga." Baba akang'aka, "Mgeni kupewa maziwa imekuwa hongo?" Lakini nilimwona akimchungulia usoni kila alipokunywa, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Huyo mama alikuwa na neno lake moja, pengine. Ukimuuliza chochote, pengine. Baada ya kupima ukuta wote kwa kamba akamwambia Baba, "Mzee wangu, naona pengine hii ilikuwa ngome. Mlango ni mwembamba mno, ng'ombe mwenye pembe hapiti. Adui akija anaingia mmoja mmoja, na wenyeji wanamsubiri ndani na mikuki."

"Hapiti?" Baba akasema. "Nani kasema hapiti?"

Nilidhani yule mama atakasirika, maana kwetu mtoto ukimbishia mwalimu unachapwa. Yeye akaweka mwiko chini. Akasema kama amekosea, anataka ajue leo hii, asije akapoteza siku nyingine akijenga juu ya kosa. Baba mbio akaenda kumfungua maksai mdogo, yule asiye na pembe. "Hapana, Mzee," Mama Mwiko akasema, akamnyooshea kidole Dereva, maksai wetu wa kulimia pamba, mwenye pembe zilizotanuka mpaka watoto wa jirani walikuwa wanamkimbia. "Yule." Baba akaenda kumfungua Dereva. Habari zikashuka kilimani haraka kuliko bodaboda, na mara watu wakajaa, mwenyekiti naye mbele na mwavuli wake.

Dereva akaenda mpaka mlangoni, pembe ikagonga jiwe, ko! Akarudi nyuma. Mwenyekiti akacheka kwa sauti, na mimi nikatamani nimrushie kitu. Baba hakumchapa maksai. Alisimama ndani ya ukuta, akapiga mluzi ule anaompigia kwenye matuta wakati wa kugeuza plau. Dereva akasikiliza. Halafu, taratibu kabisa, akalaza kichwa, pembe moja juu na nyingine chini, akaingiza shingo, akakinyoosha kichwa upande wa pili, akavuta na tumbo lake lililokuwa linasugua mawe mpaka vumbi likatoka. Akapita! Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mama Mwiko akavua kofia yake, akasema mbele ya wote, "Basi, hoja yangu ya mlango imekufa." Tulichinja jogoo jioni ile, na Baba aliimba.

Kesho yake asubuhi, kwaru, kwaru. Nilitoka mbio kitandani, nikamwendea hata shikamoo sikuikumbuka. "Si ulisema umekosea? Sasa unachimba nini tena?" Wanafunzi wake wakacheka, lakini yeye akaniita karibu na shimo. Akaniambia kwamba kujua ng'ombe anaweza kuingia si kujua kwamba aliingia. Ng'ombe wakilala mahali miaka mingi, samadi yao inabaki ardhini, tabaka la kijivu, laini kama unga, hata wenyewe wakifa na kusahaulika. Akanipeleka kwenye zizi letu la miiba nje ya ukuta, akakata udongo, akanionyesha tabaka hilo. Sasa analitafuta uani. Akilipata, Baba ameshinda.

Tangu hapo sikusoma wala kucheza. Jumapili kanisani, wenzangu wakiombea mitihani, mimi nilimwomba Mungu samadi. Kila nikitoka shule nilichungulia shimo, na udongo ulikuwa mwekundu, na chini yake mwekundu tena. Kisha vikaanza kutoka vigae vya vyungu, mafiga yenye masizi, jiwe la kusagia lililolika katikati. Kila kilichotoka kiliwafurahisha wanafunzi, na mimi kilinikata maini. Mama Mwiko mwenyewe hakufurahi. Alimkalisha Baba akamwambia, "Pengine humu waliishi watu, Mzee, zamani kuliko babu yako. Lakini nimechimba sehemu ndogo tu. Mwingine akija anaweza kuniangusha, kama Dereva alivyoniangusha."

"Hiyo pengine yako," Baba akauliza, "mwenyekiti ataisikia?"

Hakuisikia. Mkutanoni Mama Mwiko alieleza vizuri, na pengine yake kila mahali, lakini mwenyekiti alisimama akasema, "Mmesikia wenyewe, ndugu zangu. Si zizi!" Mama Mwiko akainuka kumrekebisha, wakampigia makofi ya kumshukuru mpaka akashindwa kusikika. Tulihamia Guta pamba ikiwa bado shambani. Baba alibomoa paa kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa, na Dereva ndiye aliyeburuta mabati. Kule Guta Baba aliishi akakonda. Akitajiwa kilima alikuwa anainuka na kuondoka, mpaka alipotutoka.

Mwaka jana kijana mmoja wa chuo alinitafuta kibandani. Kituo cha watalii hakikujengwa kamwe, kilima kimeota vichaka, na wao wamechimba upya. Ananieleza kwa furaha: ukuta ulijengwa mara mbili. Mawe ya chini ni ya watu wa zamani sana, Mama Mwiko hakukosea. Waliondoka, ukabomoka, na baadaye sana mtu mwingine akaupandisha tena akaweka ng'ombe. Samadi ipo, tabaka nene kabisa. "Pengine babu yenu alijenga zizi kweli," akasema.

Nikamuuliza wameipata wapi, maana yule mama aliitafuta mpaka magoti yakachubuka. Akasema ilikuwa chini ya nyumba yetu. Pale Baba alipokuwa analala. Nikauliza, kwa nini basi haikuonekana wakati ule? Yule kijana akainamisha macho, akaanza kuchezea kamba ya begi lake.

"Isingewezekana, mama," akasema. "Ilibidi nyumba iondoke kwanza."

Nililia palepale mbele ya wateja, hata kiti sikumpa mtoto wa watu.